Shosti, hilo kopo la Mwanza utaniwekea au?

Shosti wangu mambo, mzima wewe? Huku wote wazima, mama anakusalimia sana na anauliza unakuja lini, joto la Dar linatutesa ila ndo tushazoea.

Voisi yako nimeisikiliza mpaka mwisho na kicheko chote kile. Eti watu wazima na akili zetu tunatafuta makopo vichakani. Sawa, cheka, afu ukimaliza kucheka nisomee hii barua vizuri maana nna shida na wewe, na nimeamua kuandika kabisa kwa sababu kwenye voisi hata point tatu hazifiki we ushajibu.

Naona huu mchezo wa jiokeshi (geocaching) umeuelewa nusu. Mtu anaficha kopo sehemu, ndani kuna kidaftari, anachukua koodineti za pale, yaani zile namba za kuonyesha mahali, anaziweka kwenye apu, na we ukiwa na simu yenye GPS unafuata mpaka unafika, unalitafuta, unaandika jina na tarehe, unalirudisha pale pale. Basi. Ulianza Marekani mwaka 2000, mwanzoni serikali yao ilikuwa inaichafua GPS ya raia makusudi, unaweza kukosea hata mita mia, sasa tarehe 2 Mei wakaacha, na kesho yake tu jamaa mmoja anaitwa Dave Ulmer akaenda kuficha ndoo porini kule Oregon akawatangazia watu koodineti kwenye intaneti. Kwenye ndoo kulikuwa na vitabu, hela kidogo, kopo la maharage na manati. Manati shosti! Hapo ndo nikaona huu mchezo hata sisi wa Tandale unatuhusu. Sahivi makopo yako zaidi ya milioni tatu duniani.

Ila mimi kilichonikamata sio makopo, ni postikadi. Kuna watu wanatumia kopo kama posta ya wapita njia. Unaacha humo kadi yenye anwani yako mwenyewe, nyuma tupu, unakuta ya mwingine aliyetangulia, hiyo unaondoka nayo, unamwandikia salamu unaitia posta. Wengine wanabandika na stempu kabisa wakupunguzie gharama. Kopo langu mimi, lile nililoliweka Kigamboni kwenye bustani ya gesti ya mamdogo (ukishuka pantoni unapanda bajaji, bado unapakumbuka?), nimeweka utaratibu kwamba kadi yangu mgeni asiitume hapa, aondoke nayo aitume akifika kwao. Kwa hiyo kadi niliyoikata kwa mkono wangu Sinza inapanda ndege na mtu nisiyemjua, inarudi na stempu ya kwao na mhuri wa kwao. We fikiria.

Na wazo lenyewe la zamani, sio mambo ya simu. Kule visiwa vya Galapagos, bahari ya Pasifiki, kwenye kisiwa cha Floreana, wavua nyangumi waliweka pipa tangu mwisho wa miaka ya 1700, unaacha barua yako humo, meli inayofuata wakikuta barua ya mtu wa upande wanaoelekea wanaichukua wanampelekea. Hamna karani hamna stempu. Mpaka leo watalii wanafanya hivo hivo na postikadi, wengine wanaenda kugonga mlango wa mwenye kadi wenyewe.

Sasa utaniuliza si kuna Postcrossing, ndiyo ipo, ilianzishwa na Mreno mmoja mwaka 2005, unapewa anwani ya mtu yeyote duniani, unamtumia kadi yenye namba, akiipokea akasajili ile namba na wewe jina lako linaingia kwenye foleni unatumiwa na mwingine kabisa. Mi nimo pia na naipenda. Lakini kule kompyuta ndo inakupangia na kuna hesabu, umetuma umepokea. Kwenye kopo hamna anayemlazimisha mtu. Yule mgeni ameshaona kopo, ameshaandika jina, angeweza kuiacha kadi yangu pale pale au kuitupa kwenye begi ikaozea humo, na nyingine nna uhakika zimeozea humo, ila wengine wanafika kwao wakiwa wamechoka na safari wanakumbuka, wananunua stempu kwa hela yao, wanatafuta boksi la posta. Kwa ajili ya mtu ambaye hawatakuja kumuona.

Na hapo ndo raha yangu ilipo, sikufichi. Angalia simu yako sahivi, magrupu mangapi ya harusi? Kila anayenitafuta ana mchango, kitchen pati, send-ofu, msiba, mtoto wa fulani anaenda chuo, na usipojibu ushakuwa mbaya. Sisemi michango ni mibaya, na mimi nilichangiwa. Ila kadi inakuja, mtu ananiambia kwao uyoga umeota wengi mwaka huu na mbwa wake kazeeka, kwaheri. Haniombi chochote, wala hategemei nimjibu, mwingine hata anwani hajaweka. Sijui kwa nini inanifurahisha hivo, nacheka mwenyewe kwenye mwendokasi mpaka watu wanageuka.

Kitu kingine, kadi haina bahasha, na S.L.P. ninayotumia ni ya ofisini, kwa hiyo mpaka inifikie mzee wa masijala keshaisoma, mlinzi keshaisoma, dada wa mapokezi keshauliza "huyu Mcheki ni nani yako?" (aliyetuma ni mtu wa Jamhuri ya Cheki). Mwanzo ilinikera. Sahivi nikikawia kupata kadi wao ndo wananiuliza mbona kimya. Na S.L.P. ina faida yake, wenzetu wa Ulaya wanaogopa kuandika anwani ya nyumbani kwenye kadi inayokaa kwenye kopo mwezi mzima inasomwa na kila mtu, sisi boksi haimwonyeshi mtu mlango wa kwako. Na we tumia la ofisini, au la parokia ukiomba vizuri.

Tabu yangu kubwa ni kadi zenyewe. Zunguka Samora yote mpaka ile sanamu ya Askari, nenda Mwenge kwenye vinyago, utauziwa simba, twiga, Mmasai ameruka, Kilimanjaro na tembo mbele. Wanyama wazuri lakini mimi simba nimemuona kwenye TV kama yule Mcheki! Nataka kadi ya Feri asubuhi samaki wanavyonadiwa, nataka daladala ya Gongo la Mboto konda kaning'inia, hamna anayechapisha. Kwa hiyo nakata manila, A4 moja inatoa kadi nne, nachora mwenyewe vibaya vibaya, na zikiniishia naenda kwa vijana wa Tingatinga pale Morogoro Stores, wana vidogo vidogo vya bei ya kuongea. Nimegundua hata hivo yale michoro yangu mibaya ndo inarudi na maneno mengi, hizi za simba zinarudi na "Hakuna Matata" peke yake. Mtu akiniandikia hivo natamani nimrudishie kadi yake.

Haya sasa shida yangu. Nataka kopo la pili liwe Mwanza, na mimi siwezi kuliweka. Kanuni za jiokeshi haziruhusu kuweka kopo ukiwa likizo afu ukaondoka, lazima awepo mtu wa karibu wa kulitunza, likilowa akaushe, daftari likijaa abadilishe. Mtu wa karibu ndo wewe. Hapo kwa mjomba wako Capri Point kwenye ule ukuta wa mawe panafaa mno, wageni wanapita kuliangalia ziwa na lile jiwe la Bismarck, na mwenye eneo unamjua unaomba ruhusa mezani mkila. Ila angalia kwenye apu kama hamna lingine karibu, linatakiwa liwe mbali na jingine mita 161 angalau.

Usilichimbie shosti, narudia, usilichimbie. Kwanza kanuni inakataza kuchimba bila ruhusa maalum ya mwenye eneo, pili we mwenyewe unajua, mtu akikuona jioni umeinama chini ya mti unafukia kopo lenye makaratasi yameandikwa majina ya watu, hapo hata mjomba hakuokoi. Kwangu Kigamboni bila mamdogo kuwaeleza majirani mapema ningeitiwa mwenyekiti wa mtaa. Lisukumie kwenye tundu la ukuta. Afu usitumie kitu cha bati wala chupa ya plastiki, wale vijana wa skrepa hawabakizi kitu na wala siwalaumu, na kopo la Blue Band hata ulioshe vipi sisimizi wanajua. Chukua kile kihotipoti kidogo cha plastiki ngumu chenye mpira kwenye mfuniko, kipake rangi ya jiwe, mfuniko uandike kwa maka kwamba ni mchezo na namba yako ya simu, kwa Kiswahili, maana atakayekiona kwanza sio mtalii, ni mtoto wa jirani. Kadi weka wima, na tia mchele kidogo kwenye kitambaa, unyevu wa ziwa na masika zisije zikaota ukungu.

Kadi za kuanzia ntakuletea mimi. Kuna dada mmoja ofisini anapanda treni Ijumaa mpaka Dodoma afu basi, nimempa bahasha yako tayari, ndani kuna kadi kumi za Feri, pamoja na kadi moja ya Mmasai ya mjomba kwa sababu najua ataitaka. Akifika mpe sato wangu, umkaushe vizuri tu asininukishie basi zima la watu.

Nitumie namba ya boksi lako la posta leo leo basi, kesho mchana napita Posta Mpya na nataka kadi yako iwe ya kwanza kuingia.

Wako wa Sinza