Boti lililosafiri likiwa juu ya magogo

Langoni, Lamu

Mamangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Ijumaa uliponiuliza, "Baba, lau ungerudishwa siku ile, ungeiandika tena ile barua?" nilikwambia mtandao wakatika, nikakata simu. Mtandao ulikuwa mzuri. Nilikuwa nimeketi dakani, nakusikia kama uko hapo Mkunguni. Jawabu ndilo lililonikatika.

Basi nakuandikia kwa kalamu, ucheke utakavyo. Hiyo hati unayoambiwa uitie saini huko Mombasa, ya vifaa ambavyo hukuviona vikishuka garini, naijua bila kuletewa. Yangu ilikuwa ya petroli.

Wewe ulikuwa kidato cha pili. Mimi nilikuwa na funguo za stoo, na mafuta ya boti la wagonjwa yakipita mkononi mwangu pipa kwa pipa, lita 200 kila moja. Boti lile lilinunuliwa kwa ajili ya watu wa visiwani, Faza, Siyu, Kizingitini, mpaka Kiwayu, maana huko mtu akizidiwa usiku hakuna gari la kumfikisha hospitali. Ni bahari tu, na Mungu. Mashini yake ilikufa baada ya Idi. Likavutwa pwani, likawekwa juu ya magogo, na kuku wa jirani wakapata pa kutagia.

Lakini daftari la safari halikufa. Kila wiki nililetewa na vocha yake: Faza na kurudi, Kizingitini na kurudi. Mara moja liliandikwa limekwenda Kiwayu kusi limepamba moto, wiki ambayo manahodha waliozaliwa majini walikuwa barazani wakicheza bao. Nilicheka peke yangu mle stoo. Kisha nikatia saini.

Hilo ulijue kwanza, kwa sababu watu wakinisimulia siku hizi hunifanya mtu aliyeamka asubuhi moja akasema kweli. Nilitia saini miezi minane, mamangu. Na kila mwisho wa mwezi kulikuwa na bahasha kwenye droo yangu. Sikuitia mimi, wala sikumrudishia mtu. Viatu vyako vya skuli vya mwaka ule, vile vyeusi ulivyovipenda, vilitoka ndani ya bahasha hiyo. Miaka yote hii sijapata kukwambia.

Siku iliyonishinda, nilikuwa natoka kuswali alfajiri. Dau lilikuwa linafunga gatini, na wanaume wanne wakimteremsha mwanamke kwa jamvi. Walikuwa wametoka Pate tangu jioni, upepo ukawakataa, wakafika kwenye mlango wa bahari wa Mkanda maji yametoka, wakangoja. Mwanamke aliishi. Mtoto hakufika naye. Nilikwenda kazini saa mbili, nikaletewa daftari: usiku huo, kwa mujibu wa maandishi, boti letu lilikuwa Faza.

Usiku wake nikaandika kurasa tatu, kwa mkono, jina langu chini. Nikapeleka Nairobi, kwa wakubwa wa wakubwa wangu. Sikuwa mjinga kabisa. Nilitoa nakala za daftari na za vocha, nikazitia ndani ya kopo la maziwa ya unga. Ujinga wangu ulikuwa kudhani barua ikipanda juu haishuki. Haikupita wiki tatu, mkubwa wangu akaniita. Barua yangu ilikuwa mezani pake, ile ile, si nakala. Hakufoka. Alisema, "Una mwandiko mzuri sana."

Yaliyofuata uliyaona, ila uliyaona kutoka upande wa mtoto. Stoo ilikaguliwa siku nisipokuwapo, mapipa mawili yakapungua. Nikapewa barua ya kujieleza, nikajieleza. Nikasimamishwa kazi kwa nusu mshahara. Kisha nikashtakiwa mimi kwa wizi wa mtumishi wa umma. Ushahidi ulikuwa nini? Saini zangu za miezi minane. Kesi iliahirishwa hata makarani wa mahakama wakawa wananiuliza hali ya nyumbani kama jamaa. Leo shahidi hakuja, kesho faili haionekani, keshokutwa mwendesha mashtaka amehamishwa. Miaka mitatu na kitu. Nikaachiliwa kwa kukosekana ushahidi, na kazi sikurudishiwa. Yule bwana alistaafu akaagwa kwa pilau.

Unakumbuka nilikwambia karo ya bweni Malindi imepanda, ndiyo sababu ya kukurudisha hapa skuli ya kutwa? Haikupanda. Vikuku vya mamako vilikuwa vimekwenda kwa wakili wa kwanza, na sehemu yangu ya minazi ya kule kijiji cha Hindi, bara, kwa wa pili. Mamako akaanza kukaanga mahamri na viazi vya karai, wewe ukawa unatembeza sinia kabla ya skuli, na watoto wa mtaa wakikuimbia kuwa babako kanywa petroli. Hukunilalamikia hata mara moja. Afadhali ungelalamika.

Watu wa barazani sikuwalaumu sana, ingawa niliwaona. Hakuna aliyenifukuza. Nikifika, mazungumzo yalihamia kwenye bei ya samaki, kisha mmoja akakumbuka kuwa ana mgeni, wa pili naye akakumbuka. Ami yako alikuwa na zabuni ya kupeleka vyakula ofisini kwetu. Akaikosa mwaka ule ule, na harusi ya binti yake nikaambiwa baada ya siku tatu. Ana watoto sita. Siku moja aliniuliza, "Wewe ulitaka sifa, sisi tulikukosea nini?" Sikupata la kumjibu mpaka leo. Na mle mle, kulikuwa na mtu wa punda, sikutajii jina lake kwa sababu hakutaka kutajwa, aliyekuwa akiacha samaki changu wawili watatu mlangoni kila Alhamisi, wamefungwa kwa ukuti. Hakubisha hodi hata mara moja. Nikikutana naye uchochoroni, alinipigia kelele kama kawaida nimpishe punda wake.

Katika miaka ile ya kukaa bure nilisoma sana. Nilisoma habari za David Munyakei, karani wa Benki Kuu, aliyeona mabilioni yakilipwa fidia ya dhahabu na almasi zilizodaiwa kuuzwa nje, na nchi yenyewe haina dhahabu ya kiasi hicho. Akawapa wabunge wa upinzani karatasi, nchi ikajua kashfa ya Goldenberg ni nini. Mwaka 1993 alikamatwa, akashtakiwa kwa sheria ya siri za serikali. Mashtaka yakafutwa, kazi haikurudi. Akaja pwani hii yetu, hapo hapo Mombasa ulipo, akasilimu, akaoa. Mwaka 2004 alipewa tuzo ya uadilifu na Transparency International, shirika la kupinga ufisadi. Mwaka 2006 akafa Narok, maskini. Nikamsoma pia John Githongo, aliyekuwa katibu wa kudumu wa maadili na utawala bora, aliyefichua kashfa ya Anglo Leasing, ile ya mikataba hewa ya serikali. Yeye mwaka 2005 alijiuzulu akiwa London. Simdharau, hatari yake ilikuwa hatari kweli. Ila niligundua kuwa mkubwa akisema huwa na London. Karani akisema hurudi nyumbani kwa miguu, apite mbele ya wale wale.

Tofauti yako na mimi ni kwamba wewe una sheria kidogo. Ile ya hongo ya 2016 inasema mwenye mamlaka akijua au akishuku hongo aripoti ndani ya saa 24, na anayemtesa au kumtisha mtoa habari anaweza kutozwa faini hadi shilingi milioni moja, au kifungo cha mwaka mmoja, au vyote viwili. Wakati wangu hiyo haikuwapo. Kulikuwa na kifungu kimoja katika sheria ya ufisadi ya 2003, nami sikujua hata kukitafuta. Lakini usilale juu ya sheria. Sheria kamili ya watoa habari imekuwa mswada miaka nenda rudi, na hata iliyopo haina kifungu kinachomlazimisha jirani akuamkie. Tafuta wakili kabla hujaandika neno lolote, wala usingoje mpaka ushitakiwe kama mimi. Usitumie kompyuta ya ofisi. Andika tarehe za kila kitu, nani alikwambia nini, nani alikuwapo. Nakala zisikae kwako. Mwenzio nilibahatika tu kwamba waliokuja kupekua nyumba hawakuwa na haja ya maziwa ya unga. Na kama kuna njia ya kupeleka habari bila jina, itumie. Mimi jina langu niliona fahari kuliandika. Ilikuwa fahari ghali.

Saini, usitie. Hilo halihitaji wakili. Ukitia ya kwanza, wanayo. Mimi walinifunga mdomo kwa mkono wangu mwenyewe.

Sasa swali lako. Mtu wa barazani akiniuliza (siku hizi wananiuliza, wengine hata kwa heshima), namjibu upesi kwamba ningeiandika tena. Wewe siwezi kukujibu upesi, kwa sababu katika waliolipa, wewe ulilipa bila kuulizwa. Ningeiandika. Yule mwanamke kwenye jamvi bado namwona. Lakini nisingeiandika usiku ule.

Usiku ule mamako alikuwa amelala chumba cha ndani, mlango wazi, nami nikaandika kurasa tatu kwa taa ya simu nisimwamshe. Nilijiambia namkinga. Uongo: nilimwogopa. Nilijua angeniuliza kuhusu bahasha. Akaja kusikia kwenye shughuli ya watu, anatiwa hina, mwanamke mmoja akasema, "Kumbe mumeo amewashitaki wakubwa?" naye akaitikia kana kwamba anajua. Akarudi nyumbani, akapika, akapakua, hakusema nami siku kumi na moja. Korti ilinichosha, njaa ilinitisha, lakini sijaona adhabu kama zile siku. Siku ya mwisho alisimama jikoni akasema tu, "Ndoo ule." Baada ya hapo ndiye aliyebeba nyumba hii kichwani mpaka ukamaliza chuo.

Kwa hiyo mumeo mwambie kwanza. Mwambie yote, na bahasha ikiwa ipo. Akisema hapana, msikilize hapana yake mpaka iishe. Mwanao bado mdogo wa kuulizwa, lakini mhesabu.

Nimempa mamako barua hii aisome kabla sijaifunga, maana sirudii kosa mara mbili. Amesoma kimya, amekaa nayo mpaka maghribi. Ameirudisha na kalamu mkononi. Asema mambo mengine yote yako sawa, ila zilikuwa siku kumi na tatu.

Babako