Shangazi, serikali imehama na daftari lako limebaki

Shangazi yangu mpendwa, shikamoo.

Nakuandikia hadharani kwa sababu haya hayakuhusu wewe peke yako. Jumapili ulinipigia simu ukasema, "Wamehama na riziki yangu." Neno hilo limenikaa rohoni wiki nzima hapa Ngarenaro.

Daftari lako nalikumbuka vizuri. Jalada gumu, pembe zimelowa mafuta, limefungwa kwa mpira. Hukuandika majina ya watu. Uliandika "Mzee wa Masjala, wali maharage siku 4", "Dada wa ghorofa ya tatu, samaki 2 na chai". Mshahara ukitoka walipita mmoja mmoja, nawe unakata mstari. Miaka zaidi ya 20 umepika pale Posta, Dar es Salaam, chini ya mwarobaini. Siku malori yalipokuja kupakia mafaili, kurasa tatu za mwisho zilikuwa hazijakatwa mstari. Mpaka leo.

Hasira yako ni halali. Lakini Shangazi, uamuzi wenyewe siwezi kuulaumu. TANU ilikata shauri mwaka 1973 makao makuu yatoke pwani yaende Dodoma, katikati ya nchi, na kazi ikapangiwa miaka 10. Hata Dar ilipokea kutoka kwa mwingine: Wajerumani walianzia Bagamoyo, wakahamia Dar mwaka 1891 kwa kufuata bandari ambayo meli kubwa ziliweza kuingia. Mkoloni alikaa pale mali ilipotokea kwenda kwao. Mtu wa Kigoma au Sumbawanga mwenye shida yake wizarani ilibidi aivuke nchi nzima hadi baharini. Nchi iliyotangaza Azimio hapa Arusha mwaka 1967, ikisema wakulima wa vijijini ndio msingi wake, ilikuwa na haki ya kuuvuta mji mkuu uwasogelee. Hilo naliamini kabisa.

Kilichowaumiza ninyi ni namna ya kuhama. Miaka 10 ikawa zaidi ya 40. Bunge lilikwenda Dodoma mwaka 1996, wizara zikabaki Dar, na watu wakazoea kwamba Dodoma ni safari ya vikao. Ninyi mkasomesha watoto kwa kuamini mazoea hayo. Halafu Julai 2016 Rais Magufuli akasema sasa tunahama kweli. Waziri Mkuu akatangulia mwaka uleule, na Rais mwenyewe akahamia Oktoba 2019. Mtumishi alipata barua ya uhamisho. Aliyemlisha mtumishi huyo alikuja asubuhi na sufuria zake akakuta geti limefungwa. Nchi inapopanga kuhamisha mji mkuu, nataka mama lishe naye ahesabiwe, apewe taarifa mapema na aonyeshwe eneo la kupikia kule kunakohamiwa.

Wifi yako ameyaona haya mara mbili. Mwaka 1977 alikuwa binti, akimsaidia bibi kuuza mtori kwa wafanyakazi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ikavunjika, Wakenya na Waganda wakarudi kwao, na ndizi zikaivia kwenye mkungu kwa kukosa wa kumenyewa. Miaka mingi baadaye ikaja mahakama ya mauaji ya Rwanda pale kwenye kituo cha mikutano cha AICC, akapika tena, mpaka ilipofungwa mwishoni mwa 2015. Hiyo mara ya pili hakulia. Alikaa kitandani akahesabu bakuli zake, 46, akazifunga kwenye kanga akahamia Kilombero, sokoni. Yuko huko mpaka sasa. Anasema mpagazi hahamishwi na mtu.

Kwa hiyo nina ombi. Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu panda treni ya SGR. Mimi nitapanda basi la asubuhi hapa stendi, Babati, Kondoa, siku hizi ni lami moja kwa moja, tukutane Dodoma alasiri. Kesho yake tukazunguke tutazame ni wapi watu wanakula mchana na kodi ya kibanda ni kiasi gani. Lakini Ijumaa fika mapema ukiweza, ofisi hazijafungwa. Nimeuliza, nikaambiwa Mzee wa Masjala yuko Mtumba, kwenye mji wa serikali, na bado hajastaafu. Tutamwendea kwa heshima, tumsalimie kwanza, tumuulize habari za watoto.

Beba daftari, na kalamu ya kukatia mstari.

Mtoto wa kaka yako,
Arusha