Ukimya baada ya mkoromo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nitoe maoni juu ya kibonzo mlichokichapa hivi karibuni, kilichomwonyesha mume akikoroma hadi paa la nyumba linanyanyuka, huku mkewe amejiziba masikio kwa mito. Nilicheka, na sina ugomvi na mchoraji. Ila katika nyumba yetu anayekoroma ni mke, na ilinichukua miaka mingi kukubali kwamba jambo hilo ni ugonjwa wenye jina, wenye kipimo na wenye tiba.

Kwa muda mrefu nilikuwa naamka nimechoka kuliko nilivyolala, kichwa kinaniuma, kinywa kimekauka, na usiku nimeinuka kwenda haja ndogo mara tatu au nne. Kwa kuwa nilikuwa nimefikia umri wa kukoma hedhi, kila aliyenisikiliza aliona jibu liko wazi, nami niliafiki. Katika kliniki niliyokuwa nikihudhuria niliambiwa kwamba ni msongo wa mawazo, nikaandikiwa dawa za usingizi, na hakuna siku hata moja niliyoulizwa kama nakoroma. Nalitaja hili kwa sababu baadhi ya dawa za aina hiyo, kama ilivyo pombe, huweza kuilegeza zaidi misuli ya koo, na koo linalolegea ndilo hasa lililokuwa likinisumbua.

Mume wangu alikwisha kuona kwamba kuna kasoro, ila alinistahi. Binti yetu ndiye aliyenirekodi kwa simu usiku mmoja, na asubuhi akanisikilizisha bila kusema neno. Kukoroma kwenyewe kuliniaibisha tu. Kilichonitisha ni pale mkoromo ulipokatika ghafla, pakawa kimya, nami nikabaki nikizitazama sekunde zikienda kwenye kioo cha simu, kumi, ishirini, ishirini na nane, mpaka ikalipuka pumzi moja kubwa kama ya mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji. Kisha mkoromo ukaanza upya, na ukakatika tena. Waliozoea kunitania kwamba nina usingizi wa pono hawakuwahi kukaa macho wakausikia ukimya ule.

Ugonjwa huu huitwa apnia ya usingizi. Katika aina yake inayoonekana zaidi, misuli ya koo hulegea mtu anapolala, ulimi na kaakaa laini huangukia nyuma, na njia ya hewa huziba ilhali kifua bado kinahangaika kuvuta pumzi. Oksijeni hupungua katika damu, ubongo hushtuka na kumzindua mtu kwa muda mfupi mno, hata asubuhi asikumbuke lolote. Iko aina nyingine ambayo koo huwa wazi lakini ubongo wenyewe hautoi amri ya kupumua, na hiyo hushughulikiwa kwa namna yake. Hata zile safari zangu za chooni zilipata maelezo: kifua kinapovuta dhidi ya njia iliyofungwa, kuta za moyo hutanuliwa, na moyo hutoa homoni inayozifanya figo zitengeneze mkojo zaidi. Nilikuwa nimekilaumu kibofu bure.

Nilipimwa kwa kulala usiku mmoja nikiwa na nyaya kichwani, mikanda kifuani na tumboni, kijirija puani na kibanio cha kupima oksijeni kidoleni. Majibu yalikuja kwa namba moja, 34, maana yake kwa wastani pumzi yangu ilikatika au kufifia mara 34 katika kila saa ya usingizi, kila mara kwa sekunde 10 au zaidi. Kwa mtu mzima, chini ya 5 huhesabiwa kuwa hali ya kawaida, na kuanzia 30 ugonjwa huitwa mkali. Namba hiyo nilielezwa kwa dakika tano, nikakabidhiwa mashine ya kusukuma hewa na barakoa yake ya kuvaa usoni, nikaagwa.

Nilipofika nyumbani nilianza kubishana na ile namba. Nilijiambia kwamba usiku ule nililala vibaya kwa sababu ya nyaya, na kwamba huo ni ugonjwa wa wanaume wanene. Ni kweli kwamba uzito huchangia sana na kwamba wanaume huupata zaidi, lakini baada ya kukoma hedhi hatari kwa wanawake huongezeka, na hata mwembamba mwenye taya dogo au tonsili kubwa huweza kuupata. Nilikuwa naficha aibu. Sikutaka mume wangu anione nimejifunga mpira usoni kama mzamiaji, na mashine ikakaa chini ya kitanda miezi miwili, ndani ya mfuko wake, huku nikiendelea kusinzia kwenye usukani kila nilipokwama kwenye foleni. Nikilikumbuka hilo la usukani, mwili unanisisimka.

Wenzangu wengi, nadhani, huiogopa mashine hiyo kwa sababu hawajaelezwa inafanya nini. Haimpumulii mtu, na kwa kawaida haina mtungi wa oksijeni. Husukuma hewa ileile ya chumbani kwa shinikizo dogo linaloshikilia koo lisibane, kama pumzi inavyolishikilia puto lisinywee. Aliyeibuni ni daktari Colin Sullivan wa Sydney, Australia, aliyechapisha matokeo yake ya kwanza mwaka 1981, na kabla ya hapo tiba ya wagonjwa waliozidiwa ilikuwa kutobolewa tundu kooni. Nilipolisoma hilo, mpira wa usoni haukunionekania tena kuwa mzigo mkubwa.

Hata hivyo, kuelewa hakukutosha. Barakoa niliyopewa ilikuwa kubwa, hewa ikawa inavuja na kunipuliza machoni, na saa nane za usiku nilijikuta nimeivua bila kujua. Muuguzi wa hospitali nyingine ndiye aliyeniketisha nusu saa nzima, akanipima uso, akanibadilishia barakoa ndogo inayokaa chini ya pua, akanionyesha kijitangi cha maji kinacholainisha hewa, akarekebisha mashine ianze kwa nguvu ndogo na kupanda polepole, kisha akanituma niivae mchana nikiwa nasoma gazeti, hadi uso uizoee. Nusu saa hiyo ndiyo iliyoniokoa, na ndiyo ninayoidai kwa ajili ya wagonjwa wengine. Kumkabidhi mtu mashine bila kumpigia hata simu moja katika wiki za mwanzo ni sawa na kumpa miwani ya mtu mwingine na kumlaumu kwamba haoni.

Sitaki kuipamba tiba hii kupita kiasi. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2016, wenye washiriki zaidi ya 2,600 waliokuwa tayari na ugonjwa wa mishipa ya moyo au ya ubongo, haukuonyesha kwamba mashine iliwapunguzia kiharusi au shambulio la moyo. Lakini washiriki hao waliivaa kwa wastani wa saa 3.3 tu kwa usiku, na hata hivyo kusinzia kwao mchana kulipungua, wakachangamka. Wako wanaofaa zaidi kutumia kifaa cha mdomoni kinachovuta taya la chini mbele, wako wanaopata nafuu kwa kulala ubavu au kupunguza uzito, na Desemba 2024 Marekani iliidhinisha tirzepatide, dawa ya sindano inayopunguza uzito, kwa watu wanene wenye apnia ya koo kuziba iliyofikia kiwango cha wastani au kikali. Mgonjwa azungumze na daktari wake juu ya hayo yote.

Mimi nimebaki na mashine. Mume wangu huniambia kwamba sasa akizinduka usiku husikia mvumo mdogo wa hewa, akageuka na kulala. Mchoraji wenu akirudi kwenye mada ile, namwomba achore kibonzo cha pili: yule mume amenyamaza ghafla, na mke ameketi kitandani, anahesabu.

Wako msomaji wa miaka mingi,
Mama anayekoroma