Msizisugue kwa ndimu sahani zenye picha

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuwasihi wenzetu wa Tanga wenye sahani kongwe za kaure za Kiingereza, zile zenye picha za milima, mito na miti: msizisugue kwa ndimu wala majivu.

Picha hizo za rangi nyingi za karne ya 18, kama za viwanda vya kaure vya Derby na Worcester huko Uingereza, haziko chini ya glezi, yaani utando wa kioo unaofunika sahani. Ziko juu yake. Sahani ilishaokwa na kupakwa glezi ndipo mchoraji akachukua unga wa kioo chenye metali ya risasi na madini ya rangi, akaukoroga kwa mafuta ya tapentaini, akachora. Shaba ilitoa kijani, chuma nyekundu, dhahabu waridi. Ikarudi tanurini, nyuzi za Selsiasi 700 hadi 850 hivi, rangi iyeyuke na kushika. Ikipakwa nene, hubanduka. Moto ukipungua, waridi huwa kahawia. Ukizidi, huelekea zambarau. Dhahabu ya ukingoni ndiyo iliyokuja mwisho, kwa moto mdogo zaidi, kwa hiyo hutoka upesi.

Iinamishe sahani dirishani. Utaona majani ya kijani yameinuka kidogo kuliko weupe. Hapo ndipo ndimu inapokula: tindikali hutoa risasi, kijani hupauka na kufanya rangirangi kama mafuta juu ya maji, na hairudi tena. Stilwaya nayo hukwangua anga la pichani, maana hiyo hupakwa nyembamba sana.

Geuza na chini pia. Mchoraji Zachariah Boreman, aliyeingia kiwanda cha Derby mwaka 1783, alichora mandhari ya Derbyshire, jimbo la Uingereza, na mara nyingi jina la mahali huandikwa nyuma ya chombo. Ukilisugua likafutika, hujui tena ni mlima gani.

Osheni hivi: vueni pete, tandikeni taulo ndani ya beseni la plastiki, maji vuguvugu, matone mawili matatu ya sabuni, chombo kimoja kimoja, bila kuloweka. Kilichowahi kuungwa kisiingie majini kabisa, gundi ya zamani huachia. Kifuteni kwa pamba yenye unyevu.

Na wanaotundika ukutani: waya wa springi hubana ukingo, na kwa hewa yetu ya bahari hupata kutu inayoingia kwenye nyufa. Ni heri kuziweka kabatini, zikiegemezwa kwenye kishikio cha mbao.

Wasomaji wenu,
Tanga