Asante, kaka uliyeijenga moduli ya PPP

Kaka, bodaboda ilikuchukua kabla sijakuuliza jina, kwa hiyo nakushukuru hivi hivi.

Siku tatu modemu yangu ya USB ilipiga namba, ikajibiwa, kisha pppd, programu inayoendesha muunganisho, ikafa papo hapo ikidai kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, haina uwezo wa PPP, itifaki ya kuunganisha kompyuta na intaneti kupitia modemu. Nilibadilisha laini, nikabadilisha waya, nikaanza kumlaumu aliyeniuzia modemu. Wewe uliketi, ukaandika modprobe ppp_generic, amri ya kupakia moduli ya PPP, yaani kipande kinachoongezwa kwenye kerneli, ukasoma jibu, ukasema taratibu: "Modemu ni nzima, dada. Kerneli hii ilijengwa bila moduli hiyo."

Kumbe msimbo wa kerneli ulikuwa nao kwenye flashi, toleo lilelile la mashine yangu; ulinieleza kwamba toleo likitofautiana kidogo tu, moduli hukataliwa. Kwenye mipangilio ya kerneli ukaweka herufi M, yaani ijengwe kama moduli, mbele ya PPP na mwenzake ppp_async, ukaanza kukompaili, yaani kugeuza msimbo kuwa moduli. Chai ilipoa pembeni, hukuigusa.

Ilipotokea ppp0, yaani muunganisho wenyewe, na anwani yake ya IP, nilipiga kelele mpaka fundi cherehani wa jirani akaja mbio. Jioni ile nilituma kwa intaneti maombi ya wanafunzi wanne waliokuwa wakinisubiri.

Pesa ulikataa. Ukivuka tena daraja la Nile kuja Jinja, tafadhali pita dukani.