Risala ya Klabu ya Ujenzi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonesho ya Sayansi, Daraja Mbili, Arusha

Mheshimiwa Mgeni Rasmi; Mkuu wa Shule; Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule; wenyeviti wa mitaa; walimu wetu; wazazi na walezi; wanafunzi wenzetu.

Shikamooni. Tunakushukuru, Mheshimiwa, kwa kuacha kazi zako na kuja kwetu. Tulipoambiwa kwamba mgeni wetu ni mhandisi wa barabara na madaraja tulifurahi sana, maana tulilo nalo leo ni la daraja.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Kwenye meza ya kwanza umeona mfano wa daraja linalozunguka. Daraja lenyewe liko Newcastle, Uingereza, juu ya mto Tyne, na ng'ambo yake ni mji wa Gateshead. Mahali hapo pamejengwa na kujengwa tena. Palikuwa na daraja la mawe la karne nyingi, watu wakiishi na kufanya biashara juu yake, hadi mafuriko ya mwaka 1771 yalipolibomoa na kuua baadhi yao. Likajengwa jingine la mawe, likakamilika mwaka 1781. Hilo nalo matao yake yalikuwa ya chini mno, na meli kubwa hazikuweza kupita kwenda Elswick, kulikokuwa na viwanda vya William Armstrong. Likaondolewa. Mwaka 1876 likafunguliwa hili la chuma, na mitambo yake ilitengenezwa na kampuni ya huyo huyo Armstrong.

Jinsi lilivyofanya kazi ndiko kulikotuvutia zaidi. Sehemu inayozunguka imekaa juu ya nguzo iliyo katikati ya mto, na mikono yake miwili inalingana. Meli ilipokuja, magari yalisimamishwa, daraja liligeuka robo mzunguko na kulala kufuata mkondo, meli ikapita kando yake. Kilichogeuza chuma chote kile ni maji: injini za mvuke zilisukuma maji kwa nguvu kubwa, na maji hayo yakaendesha mitambo. Baadaye pampu za umeme zikapokea kazi ya mvuke. Sisi tumetumia mabomba ya sindano yaliyojaa maji, na beringi kuukuu tuliyopewa na fundi pikipiki wa Mbauda. Tunamshukuru sana. Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kusawazisha mikono, kwa sababu uzito kidogo ukizidi upande mmoja, daraja linakwama.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mito ya Arusha haina meli, wala hatukuombi daraja linalozunguka. Tulichokichukua Newcastle ni swali: nani anapita juu, na nini kinapita chini? Kwa swali hilo tulikwenda kwenye vivuko vya Daraja Mbili, Sombetini, Ngarenaro na Unga Limited, tukasimama asubuhi na kuandika tunachokiona. Juu wanapita akina mama na mabeseni ya mboga vichwani, mikokoteni, bodaboda, wazee wenye fimbo, na watoto wa darasa la kwanza walioshikana mikono. Vivuko vingine havina kingo hata upande mmoja. Bodaboda ikija, mtoto anasogea ukingoni kabisa.

Chini yanapita maji ya Mlima Meru. Wakati wa kiangazi unaweza kuuruka mfereji kwa hatua moja, ila masika mvua ikinyesha huko juu, maji yanafika huku yakiwa yamebeba matope, magogo na chupa za plastiki, na kalvati linaziba. Maji yakikosa njia chini yanapita juu, palepale wanapopita watoto. Aprili 2024, katika jiji letu hili, gari la wanafunzi lilisombwa na mafuriko na watoto wakafariki. Walikuwa wanakwenda shule kama sisi. Kwa ajili yao tunaomba usituchoke kutusikiliza.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto ziachwe bila shughuli za kudumu. Tunajua kwamba familia nyingi zimejenga ndani ya mita hizo, zikiwemo za baadhi yetu, na kuhama si jambo la siku moja. Kuzibua makalvati kabla ya Machi, hata hivyo, kunawezekana mwaka huu. Tunaomba kazi hiyo ipangiwe ratiba ambayo wenyeviti wa mitaa wataijua mapema, nasi tutakuja na majembe yetu. Tunaomba pia kila kivuko kinachotumiwa na wanafunzi kiwekewe kingo pande zote mbili, na njia ya waenda kwa miguu iliyotengwa na ya pikipiki.

Daftari letu la vivuko tumelinakili vizuri, lina michoro na vipimo vya upana wa kila kimoja. Tutakukabidhi baada ya risala hii, na tunaomba wataalamu wako walikague, wakija kupima tutawaonesha njia.

Tunaomba kuwasilisha.