Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Tulichojifunza Katika Hesabu za Mjenzi wa Manowari

Ndugu wanachama,

Katika mkutano mkuu uliopita mliikabidhi kamati yenu kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kukiendesha chama chetu cha waunda boti na mafundi wa vyombo vya majini kama kawaida, na juu ya hilo sitasema mengi, kwa sababu karatasi ya mhazini mnayo mikononi, michango na madeni yameandikwa humo jina kwa jina, na yeyote mwenye swali atamkuta mhazini mwenyewe hapa mkutanoni. Kazi ya pili ndiyo iliyotukosesha usingizi. Mlisema kwamba kabla hatujaunganisha karakana zetu za mialoni kuwa kampuni moja yenye kuunda boti kubwa za abiria na, Mungu akijalia, vyombo vya doria na uokoaji vya serikali, kamati itafute kampuni moja kubwa ya kuunda meli inayotangaza hesabu zake hadharani, isome mwaka wake mzima, kisha iwaeleze mambo kwa Kiswahili ambacho fundi wa mialo yetu ya Uganda, wa Katosi, wa Masese, wa Majanji na wa Butiaba, watakielewa kwa pamoja.

Tuliichagua Huntington Ingalls Industries ya Marekani, ambayo wengi huiita HII, na tuliuchukua mwaka wake wa hesabu uliofungwa tarehe 31 Desemba 2024. Baadhi yenu mliuliza kwa nini twende mbali hivyo ilhali Kisumu, ng'ambo tu ya ziwa letu la Victoria, kuna karakana ya meli iliyo chini ya shirika la serikali ya Kenya lililoanzishwa mwaka 2020. Jibu ni kwamba HII ina hisa zinazouzwa sokoni, kwa hiyo inalazimika kueleza kila robo mwaka ilichopata, ilichopoteza na sababu zake. Tena mteja wake mkuu ni mmoja tu, Jeshi la Majini la Marekani, na sisi tunaotamani kuiuzia serikali tunahitaji kujua maisha ya mwenye mteja mmoja yakoje.

Kampuni hii ilianza kujitegemea mwaka 2011 ilipotengwa na Northrop Grumman, kampuni kubwa ya zana za kijeshi, lakini karakana zake ni za kale. Ile ya Newport News, katika jimbo la Virginia, ilianzishwa mwaka 1886, na leo ndiyo pekee nchini Marekani inayounda meli za kubeba ndege za kivita zinazoendeshwa kwa nguvu ya nyuklia, na ni moja ya mbili tu zinazounda nyambizi za nyuklia. Ile ya Ingalls, iliyoko Pascagoula katika jimbo la Mississippi, ilianzishwa mwaka 1938 na huunda manowari za kushambulia na meli za kushusha askari pwani. Kitengo cha tatu hakiundi meli, bali hutoa huduma za kiteknolojia kwa majeshi. Waajiriwa wote ni kiasi cha watu 44,000.

Sasa nije kwenye hesabu, na ninawaomba mnivumilie, maana hapa ndipo penye somo. Mapato ya mwaka 2024 yalikuwa dola bilioni 11.5, juu kidogo tu ya yale ya mwaka 2023. Newport News ilileta karibu bilioni 6, Ingalls karibu bilioni 2.8, na kitengo cha teknolojia zaidi ya bilioni 2.9, kabla ya kuondoa mauziano ya ndani kwa ndani. Mtu akiishia hapo atasema mwaka ulikuwa wa amani. Lakini faida ya uendeshaji ilishuka kutoka dola milioni 781 hadi milioni 535, na faida halisi ikashuka kutoka milioni 681 hadi milioni 550. Yaani kazi ilikuwa ileile, jasho lilelile, pengine zaidi, na kilichobaki kikapungua. Upungufu ulitoka kwenye karakana zenyewe: Newport News ilipata faida ya uendeshaji ya milioni 246 pale ilipopata 379 mwaka uliotangulia, na Ingalls milioni 211 badala ya 362. Kitengo kisichogusa chuma ndicho kilichokuwa kikikua.

Na wakati huohuo oda zilizokwisha kusainiwa, ambazo kazi yake haijafanywa, zilifikia dola bilioni 48.7. Hiyo ni kazi ya zaidi ya miaka minne kwa kasi ya sasa. Nilipoisoma tarakimu hiyo mara ya kwanza niliifunga karatasi nikatoka nje kutembea, kwa sababu maisha yangu yote ya kazi nimeamini kwamba fundi mwenye oda nyingi ni fundi aliyefanikiwa.

Ili muelewe faida ilipotelea wapi, sharti kwanza muelewe jinsi mjenzi wa meli anavyoihesabu. Meli moja huchukua miaka, kwa hiyo kampuni haisubiri hadi siku ya kukabidhi ndipo iandike faida. Kila mwaka huandika sehemu ya faida kulingana na sehemu ya gharama iliyokwisha kutumika. Nitatoa mfano wa kubuni kwa shilingi zetu. Chukua boti ya abiria uliyokubaliana kuiuza kwa shilingi milioni 40, ukikadiria kwamba itakugharimu milioni 32 na kukuachia milioni 8. Ukishatumia milioni 16 umefika nusu, unaandika faida ya milioni 4, na pengine unalipia karo ya watoto. Kisha mbao zinapanda, fundi mzuri anaondoka, unakadiria upya na kukuta kwamba boti itagharimu milioni 38, si 32. Faida ya boti nzima sasa ni milioni 2. Ukiwa umetumia milioni 19 uko nusu ya njia, na faida uliyostahili kuwa umeiandika ni milioni 1 tu, nawe ulikwisha kuandika 4. Milioni 3 lazima zifutwe kwenye vitabu mwaka huohuo, hata kama mwaka huo kazi imekwenda vizuri. Hilo ndilo lililoipata HII kwenye nyambizi na meli za kubeba ndege: makadirio ya gharama yalipanda, na faida iliyoandikwa miaka ya nyuma ikarudishwa.

Makadirio yalipanda kwa sababu ambazo kila mmoja wetu anazijua kwa mikono yake. Mikataba mingi iliyokuwa ikitekelezwa mwaka 2024 ilisainiwa kabla ya janga la korona. Kwa mfano, meli mbili za kubeba ndege, Enterprise na Doris Miller, ziliagizwa kwa mkataba mmoja mwezi Januari 2019. Bei zilifungwa katika dunia moja, kazi ikafanywa katika dunia nyingine ambamo chuma, vipuri na mishahara vilikuwa vimepanda. Sababu ya pili ni watu. Wazee waliozijua nyambizi kwa vidole walistaafu, na nafasi zao zikachukuliwa na vijana wengi kwa mkupuo, ambao wengi waliondoka kabla hawajakomaa. Mchomeleaji mpya hutumia saa nyingi zaidi kwa mshono uleule, na mshono ukikataliwa na mkaguzi hukatwa na kurudiwa, nazo saa hizo hazimo ndani ya bei. Nami nina hakika kwamba sababu hii ya pili ni nzito kuliko ya kwanza, maana bei ya chuma inaweza kuandikiwa kifungu katika mkataba, lakini ujuzi ukiondoka na mzee hauna kifungu cha kuurudisha.

Matokeo yake yalionekana kwenye tarehe. Mwezi Aprili 2024 Jeshi la Majini la Marekani lilitoa tathmini ya miradi yake ya meli, na ndani yake Enterprise ilikadiriwa kuchelewa kwa miezi 18 hadi 26, na nyambizi ya kwanza ya aina ya Columbia, ambayo Newport News inaiunda pamoja na karakana nyingine ya nyambizi, General Dynamics Electric Boat, kwa miezi 12 hadi 16. Nyambizi za aina ya Virginia, zilizopangwa kutoka mbili kila mwaka kati ya karakana hizo mbili, zilikuwa zikitoka kwa kasi ya 1.2 hivi. Matengenezo makubwa ya meli ya kubeba ndege George Washington, yaliyoanza mwaka 2017, yalikamilika Mei 2023, karibu miaka 6 badala ya 4 iliyopangwa. Haki inanitaka niseme pia kwamba kazi haikusimama: Aprili 2024 kampuni ilikabidhi nyambizi New Jersey kutoka Newport News na meli ya kushusha askari Richard M. McCool Jr. kutoka Ingalls, na wanaojua kilichomo ndani ya nyambizi ya nyuklia hawawezi kuwadharau watu walioiunda.

Tarakimu iliyotisha kamati kuliko zote ni ya fedha taslimu. Mwaka 2023 kampuni ilibakiwa na dola milioni 692 baada ya kugharimia shughuli na mitambo. Mwaka 2024 zilibaki milioni 40. Faida ya karatasini milioni 550, fedha taslimu zilizobaki katika kazi ya mwaka huo milioni 40! Kazi ilipochelewa, malipo yanayofungwa na hatua za kazi yalichelewa nayo, na mikataba mipya ya nyambizi iliyotarajiwa kusainiwa mwaka huo haikusainiwa. Hata hivyo wenye hisa waliendelea kupokea gawio, dola 5.25 kwa kila hisa kwa mwaka mzima, na kampuni ikatumia fedha nyingine kununua hisa zake yenyewe. Mimi si mtaalamu wa masoko ya hisa, lakini kamati yenu haikuona busara ya kununua hisa katika mwaka ambao karakana ilikuwa ikilia kwa upungufu wa mafundi. Soko lenyewe lilitoa hukumu yake tarehe 31 Oktoba 2024: siku kampuni iliposhusha matarajio yake, bei ya hisa ilianguka kwa takriban asilimia 26 kwa siku moja.

Katika kujitibu, kampuni imepeleka sehemu ya kazi kwa karakana za nje, na Januari 2025 ilikamilisha ununuzi wa kiwanda cha kuunda vipande vya meli huko Goose Creek, South Carolina, ili ipate mafundi mahali walipo badala ya kuwasubiri waje Newport News. Jambo hili linatuhusu. Hatuna sababu ya kuwalazimisha mafundi wa Ziwa Albert kuhamia Ggaba, kwenye Ziwa Victoria. Mataruma, yaani mbavu za boti, yanaweza kukatwa Butiaba, kwenye Ziwa Albert, na boti ikaunganishwa kwingine.

Lakini nisingependa mfanano huu utudanganye. HII inapozidi gharama, mikataba yake mingi humfanya mteja abebe sehemu ya ziada hiyo hadi kiwango fulani, na mteja huyo hulipa kadiri kazi inavyoendelea. Tena mteja hana pa kwenda, kwa kuwa meli za kubeba ndege hazina karakana nyingine, na nyambizi zina moja tu zaidi. Sisi mteja wetu hulipa malipo ya kwanza, kisha hulipa boti ikielea. Bei ikipanda katikati ni juu yetu peke yetu, na akichoka kusubiri anatembea hadi mwalo unaofuata. Kwa hiyo kosa lililomtikisa jitu lenye bilioni 11.5 litatuua sisi kabisa.

Nalisema hili kwa uchungu, kwa maana limenipata. Niliwahi kukubali kuunda boti ya abiria kwa mteja wa visiwa vya Ssese kwa bei niliyoikadiria kwa mvule niliokuwa nimeununua mwaka uliotangulia. Nilipokwenda kununua mwingine bei haikuwa ile, nikamaliza kazi kwa fedha za boti ya mteja wa pili, na ya mteja wa pili kwa fedha za wa tatu. Kwa miezi mingi nilikuwa na oda tatu ukutani na sikuwa na fedha ya kununulia misumari. Vijana wangu wawili hodari waliondoka kwa sababu sikuweza kuwalipa kwa wakati, na kila boti baada ya hapo ikachukua muda mrefu zaidi. Nilipozisoma hesabu za HII niliona hadithi yangu imeandikwa kwa dola.

Kutokana na hayo kamati inapendekeza mambo matatu, nayo yatapigiwa kura leo. Kwanza, kila mkataba wa kazi inayozidi miezi mitatu uwe na kifungu kinachoruhusu bei ya mbao, fibaglasi na injini kupitiwa upya, na malipo yagawanywe kwa hatua zinazoonekana: mkuku, yaani uti wa mgongo wa boti, ukilazwa, mataruma yakisimama, mbao zikifungwa na kukalafatiwa, yaani mianya yake kuzibwa, injini ikifungwa. Pili, fedha za boti moja zisiguswe kwa ajili ya boti nyingine, na mhazini apewe mamlaka ya kukagua hilo katika karakana ya mwanachama yeyote, ikiwemo ya mwenyekiti. Tatu, sehemu ya mfuko wa chama itengwe kuwalipa mafundi wazee wetu ili wafundishe, kila mmoja akiwa na vijana wawili kwa mwaka mzima, na kijana asihesabiwe kuwa ameiva hadi mzee wake atie saini.

Kuhusu kampuni ya pamoja, kamati haijawaletea pendekezo la kuisajili mwaka huu. Tunaomba kwanza tuunde boti mbili kwa utaratibu huu mpya, tuhesabu saa na gharama za kila hatua, na tulinganishe makadirio na yaliyotokea. Hesabu hizo zitasomwa mbele yenu katika mkutano mkuu ujao, zikiwa nzuri au mbaya, na hapo ndipo mtakapoamua.

Naomba mkutano uipokee taarifa hii na kuanza majadiliano kwa pendekezo la kwanza.

Mwenyekiti